Mtaro wa Lukwanga

Mtu akitoka Tosamaganga asubuhi kwa miguu, akaifuata njia ya ng'ombe inayoshuka kuelekea machweo, hufika Lukwanga jua likiwa limeanza kuuma mabega. Ni bonde jembamba lililobanwa na vilima viwili. Udongo wa katikati yake zamani ulikuwa mweusi, laini, wenye nyuzi za mizizi iliyokufa tangu enzi za mababu, hata jembe likizama halikutoa sauti. Juu kwenye miteremko watu walilima mahindi na ulezi wa kungojea mvua. Lakini hakuna baba wa Lukwanga aliyekubali kumwoza binti yake kwa mtu mwenye shamba la mlimani tu. Alimwuliza kwanza, "Kinyungu chako kiko wapi?"

Kinyungu ni shamba la bondeni, la wakati wa kiangazi. Mvua zikiisha, watu waliteremka na majembe, wakayageuza mabonge ya nyasi yakawa matuta, na kati ya matuta wakachora vifereji visivyozidi kifundo cha mguu. Ardhi ilipokuwa na maji mengi, vifereji viliachwa wazi yateremke. Jua lilipokaza, vilizibwa kwa mabonge ya majani, maji yakatulia chini ya matuta, na mizizi ikanywa kidogo kidogo. Mahindi yaliyopandwa Agosti yaliliwa mabichi kuanzia Desemba, miezi ile ambayo maghala ya watu wengine hubaki na panya. Kwa hiyo mvua ya mlimani ikikataa, bonde lilikuwapo. Watu wa Lukwanga hawakuiita akili. Waliiita kulima.

Juu kabisa ya bonde palikuwa na jicho la maji, na kulizunguka jicho hilo palikuwa na matete mazito ambayo hayakuguswa. Aliyekuwa na kinyungu cha kwanza chini ya matete ndiye aliyeitwa mwenye bonde. Asipopiga yeye jembe la kwanza, hakuna aliyelima. Asipoleta yeye moto kutoka jikoni kwake, hakuna aliyechoma nyasi. Haikuwa cheo cha kujivunia sana. Ilikuwa namna ya kuzuia watu wasifanye mambo kila mtu kwa saa yake.

Katika miaka hiyo mwenye bonde alikuwa mwanamke, jina lake Marta. Mumewe, Marcelino, alikuwa amefariki kwa kichomi, na mdogo wake Marcelino, aliyeitwa Mika, wakati huo alikuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge huko Kilosa. Wazee wakasema mjane akishike kinyungu mpaka Mika arudi. Mika aliporudi, hakukidai. Alipewa kipande cha jirani, akasema kinamtosha. Marta hakuusahau wema huo. Alikuwa akilea wajukuu wawili, watoto wa binti yake Yustina aliyefariki katika uzazi, na watoto wale hawakuwa na ghala jingine duniani isipokuwa udongo ule mweusi.

Mwaka wa hamsini na moja mvua zilikuja na hazikujua kuondoka. Bonde likazama. Maharage ya Marta yalichipua, yakageuka manjano, yakaoza kwenye matuta na kutoa harufu ya nguo zilizosahauliwa ndani ya maji. Mwaka uliofuata ukawa vile vile. Julai, mwezi ambao watu walizoea kushuka na majembe, maji bado yalisimama magotini.

Siku moja Marta alikuwa amesimama ukingoni pamoja na Mika na Damari. Damari alikuwa Mbena, mtani wao, ameolewa hapo Lukwanga, na kinyungu chake kilifuata chini ya kile cha Marta.

"Mama Yustina," Damari akasema, "mwaka huu tupande samaki."

"Mbegu utatoa wewe."

"Sisi kwetu hatuna samaki. Tuna akili tu."

"Ndiyo akili iliyokuleta kuolewa kwenye tope?"

Damari alicheka mpaka akashika kiuno. Marta naye alicheka, lakini si sana. Alikuwa akiyatazama maji na kuwaza maghala.

"Kule mkonge," Mika akasema, "walikuwa na bonde kama hili hili. Tulipiga mtaro mmoja katikati, umenyooka kama kamba. Maji yakaondoka, pakawa nchi ya kulima. Mimi mwenyewe nilichimba."

"Kina chake?" Marta akauliza.

"Kiuno."

"Na maji yakaondoka kweli?"

"Yaliondoka, shemeji. Mwezi uleule tulitembea na viatu."

Habari ya mtaro ikaenea bondeni kama harufu ya nyama. Bwana shamba aliyepita wiki ile, kijana mpole mwenye baiskeli, aliulizwa, naye akasema si jambo baya, ila mtaro uwekewe lango la mbao la kufunga wakati wa kiangazi. Watu wakaitikia vizuri. Mbao zilikuwa mali ya mwenye msumeno, na kiangazi kilikuwa jambo ambalo mwaka ule hakuna aliyelikumbuka. Watu walikuwa wamechoshwa na maji, nao walijiandaa kupambana na maji.

Marta alipika pombe ya ulezi, akaita watu. Walikuja bonde zima, wanaume na wanawake, wakaanza kutoka chini kupanda juu, wakiimba. Walichimba udongo mweusi mpaka kiunoni, na hapo majembe yakagonga kitu kingine: udongo wa mfinyanzi, wa kijivu, mgumu na wenye kuteleza. Mika akasimama, akapangusa jasho.

"Hapa panatosha, shemeji."

Marta aliteremka mwenyewe kwenye mtaro. Maji yalikuwa yamemfika magotini, na yalikuwa yametulia kama maji ya kwenye mtungi.

"Mtaro gani huu ambao maji yake yamekaa?" akasema. "Chimba mpaka uone mchanga."

"Huu wa mfinyanzi ni mgumu."

"Na ulezi nao ulikuwa mgumu kusaga. Mnadhani niliwapikia pombe yote ile kwa ajili ya kiuno?"

Watu wakacheka. Mwanamume mmoja akasema mjane ana kiu kuliko wao wote. Wakarudi kazini kwa nguvu mpya, wakakata ule udongo wa mfinyanzi vipande vipande, na alasiri wakafika kwenye mchanga mweupe kama unga. Maji yaligeuka. Mtu angeweza kuyaona yakigeuka. Yalizunguka kidogo, yakaanza kwenda, kwanza polepole, halafu yakikimbia, yakibeba majani na vyura. Watu walipiga vigelegele. Damari alisimama ukingoni akitazama ule mchanga.

"Tumetoboa chungu," akasema.

Ulikuwa mzaha, na watu waliupokea kama mzaha.

Mwaka ule Lukwanga ilikula. Wala hakuna sababu ya kusema vinginevyo. Mahindi ya vinyungu yalisimama marefu, maharage yalibeba mpaka mashina yake yakainama, na Desemba wajukuu wa Marta walitembea na mabunzi ya mahindi mikononi tangu asubuhi. Watu waliopita njia walisimama na kuuliza, na Marta aliwaonyesha mtaro kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake.

Kule juu matete yalianza kukauka yenyewe. Machi, Mika alikuja kwa Marta, akakaa kwenye kigoda, akasifia ukuta wake uliokandikwa upya, akasema habari za mbuzi, kisha akafika kwenye neno lake.

"Pale kwenye matete, shemeji. Maji yamejitenga. Ardhi imelala bure."

"Pale hapalimwi."

"Hapakulimwa kwa sababu palikuwa tope. Sasa si tope."

Marta alijua neno hilo tu. Marcelino alimwambia hapalimwi, lakini hakumwambia sababu, na huenda yeye mwenyewe hakuambiwa. Kama sababu ilikuwa tope, basi Mika alisema kweli. Kama kulikuwa na sababu nyingine, wenye kuijua walikuwa makaburini. Akamfikiria pia mtu huyu ambaye angeweza kumwondoa kwenye kinyungu na hakumwondoa.

Akaenda, akapiga jembe la kwanza kwenye jicho. Mika akang'oa matete, akapanda vitunguu.

Mbegu alipewa na Othmani, mfanyabiashara wa Iringa mjini. Othmani alikuwa Mswahili, baba yake alitoka Bagamoyo na misafara akaoa huku na hakurudi. Alikuwa na duka karibu na soko na lori alilopelekea mizigo mpaka Mbeya. Alikuwa mtu wa maneno laini, mwenye kuvua kofia kumsalimu hata mtoto, na watu wa Lukwanga walimpenda.

Lakini mvua za mwaka huo, ambao ulikuwa wa hamsini na tatu, zilikuwa zimekwisha kufanya vibaya. Zilikuja Desemba, zikanyesha kama zinazojaribu, zikaacha. Januari zikarudi kidogo. Kufikia Machi mahindi ya mlimani yalikuwa yamekunja majani kama mtu anayejifunika baridi, na Aprili yalikufa yamesimama. Watu wakahuzunika, ila hawakutishika. Walitazama bondeni. Bonde lilikuwapo.

Julai Marta alishuka kukigeuza kinyungu chake. Alikuta udongo mwepesi mno mkononi. Akafanya alichofundishwa: akakata mabonge ya majani, akaziba vifereji vyote, akangoja maji yapande chini ya matuta. Hayakupanda. Yalikuwa yakienda chini kwa chini, kwenye mtaro, na kwenye mtaro yalikuwa uzi mwembamba unaopita juu ya mchanga na kupotea. Alipanda hata hivyo. Mwanzoni mwa Agosti ardhi kati ya matuta ikaanza kupasuka. Aliingiza mkono kwenye ufa, ukaingia mpaka kwenye kifundo, na humo ndani mlikuwa na joto.

Akapanda moja kwa moja kwa Mika. Alimkuta kwenye vitunguu pamoja na Othmani, aliyekuwa ameketi juu ya sanduku, kofia yake magotini, ameshika kitunguu kimoja na kukigeuza kama mtu anayekagua mbuzi wa kununua.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina, shemeji. Karibu. Bwana Othmani, huyu ndiye mwenye bonde."

"Namjua mama," Othmani akasema, akiinuka. "Hujambo, mama? Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, bwana." Kisha akamgeukia Mika. "Shemeji, nataka tuzibe mtaro."

"Lini?"

"Hata kesho."

Mika alichuchumaa, akaufukua udongo kidogo kwa kidole kuzunguka kitunguu kimoja, akakionyesha.

"Tazama. Ndiyo kwanza vinafanya kichwa. Maji yakipanda sasa vinaoza vyote. Wewe umeozesha maharage, harufu yake unaijua."

"Naijua. Na kinyungu changu kinapasuka. Cha Damari vile vile."

"Mahindi ya mlimani yamekufa, shemeji. Yako na yangu. Tutakula nini? Hivi vitunguu ndivyo vitakavyoleta unga Lukwanga. Si kwangu tu, kwa kila nyumba. Nakuahidi mbele ya huyu bwana. Nipe mpaka Septemba tu, viive, vitoke, halafu tuuzibe hata kwa mawe."

Marta akamtazama Othmani.

"Mimi mchuuzi, mama," Othmani akasema. "Mambo ya maji mnayajua wenyewe. Ila kitunguu kikinyweshwa mwishoni hakifiki Mbeya. Kinaanza kulia njiani, na mimi nalia nacho." Alicheka kwa adabu, na alipoona Marta hacheki, akaacha.

Marta angeweza kukataa. Alikuwa mwenye bonde, na kama angesema hapana mbele ya watu, Mika asingemshinda. Lakini Mika hakuwa anadanganya. Mlimani hapakuwa na kitu, kinyungu chake mwenyewe hakikuwa cha kuaminika tena, na vitunguu vilikuwa pale machoni, vinaonekana. Kati ya chakula cha labda na chakula cha hakika, alichagua kile alichokiona. Hata leo ni vigumu kusema mtu mwingine angefanya nini.

"Basi Septemba," akasema.

Alipokuwa akishuka, Damari alimngoja njiani, jembe begani.

"Amesemaje?"

"Tungoje vitunguu vitoke."

"Kumbe mwenye bonde ni vitunguu," Damari akasema. "Niambie tu, nijue nani wa kumpigia magoti."

"Damari, niache."

"Nimekuacha. Mimi sina neno. Mimi ni Mbena, nimeolewa kwenye tope, na sasa hata tope mmeliuza."

Mika alitimiza ahadi yake. Vitunguu viling'olewa Septemba, lori la Othmani lilifika mpaka pale ambapo njia ya ng'ombe inaishia, na liliporudi lilileta unga. Kila nyumba ilipata. Haukuwa mwingi, lakini ulikuwa kweli unga, na Mika aliugawa mwenyewe, akianza na nyumba za wajane. Kisha akasema, "Haya, shemeji. Sasa mtaro."

Walikuja bonde zima kama siku ya kuchimba, lakini hawakuimba. Watu walikuwa wamekonda. Mtaro wote ulikuwa umeziba kwa matete makavu na majani yaliyoanguka mwaka mzima, na kando zake nyasi zilisimama kama nywele za mgonjwa. Udongo wa kuzibia usingeshika juu ya takataka zile. Ilibidi kufyeka kwanza. Wanaume wawili walianza na mapanga, wakaenda hatua chache, wakaketi.

"Hii ni kazi ya watu walioshiba," mmoja akasema.

"Tuchome," Marta akasema.

Hakuna aliyestuka. Walichoma bondeni kila mwaka, tangu wazee wao. Nyasi za kinyungu huchomwa, moto hukimbia juu, ukifika penye unyevu hufa wenyewe, na majivu huwa mbolea. Kuogopa moto wa bondeni kulikuwa kama kuogopa moto wa jikoni. Marta akaenda nyumbani, akachukua kaa la moto kutoka jikoni, akaliweka kwenye kigae, akalileta akilipulizia njiani lisizimike. Alilitia kwenye majani ya mtaro kwa mkono wake, kama ilivyompasa.

Moto ulilia, ukakimbia, ukafika kule matete yalikokuwa zamani, ukafa. Saa chache tu mtaro ulikuwa safi. Watu walifurahi kidogo. Wakaanza kukata mabonge ya udongo mweusi na kuyapanga mtaroni, wakiyashindilia kwa miguu, na jua lilipokaribia kuzama walikuwa wameuziba kabisa sehemu ya juu. Uzi wa maji uliokuwa bado unatiririka ukasimama. Mika akaupiga ule ukuta kwa kisigino.

"Sasa bonde litarudi," akasema.

Asubuhi yake Marta aliteremka mapema kutazama kama maji yamepanda. Aliona moshi mwembamba ukitoka ardhini, kando ya mtaro, mahali pasipokuwa na jani hata moja. Akafikiri ni ukungu. Akasogea, akaona ardhi pale imeshuka kidogo kama kitanda kilicholaliwa. Akaweka mguu. Mguu ukazama, na alipoutoa ulikuwa na majivu mekundu na ngozi yake imeanza kujikunja.

Udongo ulikuwa unaungua. Si nyasi, udongo wenyewe. Ule mweusi wenye nyuzi za mizizi, uliokuwa ndani ya maji tangu kabla ya watu kufika Lukwanga, ulikuwa umekauka mwaka mzima mpaka chini, na moto wake wa jana haukufa ulipofika mwisho wa nyasi. Uliteremka ndani. Ulikuwa ukienda polepole, bila ndimi, bila sauti, kama ng'ombe anayekula.

Watu waliitana. Walimwaga maji waliyoyachota mbali, kibuyu kwa kibuyu, na maji yalitoa mvuke yakapotea. Walijaribu kukata ardhi ili moto usivuke, lakini kila walipokata waliupa upepo. Halafu waliona ule ukuta walioujenga mtaroni ukitoa moshi nao. Walikuwa wameziba mtaro kwa mabonge ya udongo uleule, na sasa kizibo chenyewe kilikuwa kinaungua. Mika aliuona, akakaa chini, akajishika kichwa.

Moto ule ulila Lukwanga mpaka Novemba. Mahindi ya Marta yalikuwa yamefika kimo cha goti. Asubuhi yalikuwa ya kijani, mchana yalilala yote upande mmoja, yameokwa mizizi. Ndama wa Damari alikanyaga mahali palipoonekana pazima, akatumbukia mpaka tumboni, na kumtoa hakukuwezekana. Alilia mpaka mume wa Damari akaenda na mkuki. Jioni ile Damari alikuja hadi uani kwa Marta, akasimama tu, bila utani wowote mdomoni, na hilo lilimwumiza Marta kuliko tusi.

Mika naye alikuja. Alikaa kwenye kigoda kilekile.

"Watu wanasema ni mtaro wangu," akasema.

"Nimewasikia."

"Moto ulikuwa wako, shemeji."

"Ulikuwa wangu."

"Sisemi kwa ubaya. Nasema tu wasiseme mimi peke yangu."

"Mchanga pia ulikuwa wangu," Marta akasema. "Wewe ulitaka kuishia kwenye udongo wa mfinyanzi. Nikikutana na mtu nitamwambia. Na wewe ukikutana na mtu, mwambie habari ya Agosti."

Mika akainuka. Aliondoka bila kuaga vizuri.

Desemba mvua zikaja, na safari hii zilikuja kweli. Kwa miaka yote mvua za kwanza zilikuwa zikiingia bondeni na kukaa. Sasa zilikuta shimo la majivu lisilo na jicho wala matete, na katikati yake mtaro uliokwenda mpaka mchangani. Maji yalipita bondeni kama wageni wasiofahamu mtu. Yalibeba majivu, yakabeba udongo wa mfinyanzi uliobaki, yakakata kingo, na mtaro ukawa korongo ambalo mtu angesimama ndani yake asionekane. Baada ya kila mvua Marta alikwenda kutazama. Saa chache tu baadaye chini palikuwa pakavu, na kokoto zilikuwa safi, zimeoshwa.

Watu wakaanza kuondoka. Wengine walikwenda manamba, wengine Idodi kuomba vipande penye mifereji ya wenyewe, ambako mgeni hupewa maji wenyeji wakishatosheka. Damari na mumewe walirudi Njombe. Mika alikwenda Mbeya. Othmani alikuwa amefungua ghala huko Iyunga, kando ya barabara kuu, na alimhitaji mtu anayejua vitunguu.

Marta alibaki kwa sababu hakuwa na pa kwenda na watoto. Alipanda mlimani, akakaa kungojea mvua ya mlimani kama watu wote aliokuwa akiwahurumia. Januari aliuza mitungi yake ya pombe. Februari alikuwa akichemsha majani ya maboga bila kitu kingine, na mjukuu mdogo alikuwa ameacha kucheza, anakaa ukutani juani.

Mwisho wa mwezi ule lori lilisimama juu kwenye njia. Mika aliteremka na gunia begani. Alikuwa amenenepa kidogo, amevaa koti. Alilibwaga gunia mlangoni, akawashika watoto kichwani, akakaa.

"Unga," akasema. "Na chumvi kidogo ndani yake. Bwana Othmani anakusalimu sana."

Marta alikuwa amesimama. Katika miezi ile alikuwa amepanga maneno mengi ya kumwambia mtu huyu akimwona, akayapunguza, akayapanga tena. Yalikuwa maneno ya haki kwake yeye na kwa Mika. Alikuwa amehakikisha hakuna hata moja linalomwonea. Mjukuu mkubwa alikuwa amekwisha kulishika gunia, analipapasa kutafuta kamba.

Marta akapiga goti, kama inavyompasa mwanamke anayepokea kitu mkononi mwa mtu, akatoa mikono yote miwili.

"Asante, shemeji," akasema. "Mungu akuongeze."

"Si kitu. Ukiishiwa, mtume mtu Iringa dukani, waniambie. Usione haya."

"Nitamtuma."

"Bonde umeliacha?"

"Sijaliacha. Hakuna cha kulima."

Mika alitazama chini, kule lilikokuwa korongo, halafu akayaondoa macho. Dereva akapiga honi. Akainuka, akasema atapita tena mvua zikipungua, akapanda kilima haraka haraka, koti lake likipepea.

Marta alifungua gunia, akachota unga, akaweka maji motoni. Ulikuwa unga mzuri, umesagwa kwa mashine. Alisonga ugali, akawapa watoto wale kwanza, kisha akala na yeye, polepole, akimaliza kila tonge.